Jina la Ndugu Yangu Kwenye Mizani

Mama hakunituma Kericho kutembea. Alinituma nikamlete ndugu yangu mkubwa nyumbani, basi. Na kama atakataa kuja, nimwambie kwamba mama yake amezeeka na hataki kufa kifungua mimba wake akiwa mbali. Maneno hayo alinikaririsha pale jikoni kama mtoto wa nasari anayefundishwa kuhesabu vidole, na mimi nikayakariri, ingawa nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Ndugu yangu alikuwa ametoka kwetu Kisii kwenda kuchuma majani chai wakati mimi bado niko shule ya msingi. Mwanzo alikuwa anakuja kila Krismasi, na sukari, na mkate, na kelele nyingi. Halafu akaacha kuja. Krismasi ya kwanza tukasema amebanwa na kazi. Iliyofuata tukanyamaza. Kisha jirani yetu mmoja, mwenye kuendesha lori la ndizi, akaleta habari kwamba yuko hai. Alikuwa amepeleka ndizi kwenye kambi moja ya wachuma chai, na vijana wakishusha mikungu akasikia jina la ndugu yangu likiitwa kwenye mizani, jina lake pamoja na la baba yetu, na mtu akaitika. Kambi gani? Jirani akakuna kichwa. Akasema kambi zote zinafanana, nyumba nyeupe zimepangwa katikati ya majani. Mama hakuisikia hiyo ya mwisho. Alikuwa ameshasikia ya kumtosha.

Nikaenda. Begi langu lilikuwa la mitumba, kubwa, la kubebwa mgongoni, lenye mikanda ya kiunoni na vyuma pembeni, yale ambayo wazungu hubeba wakienda kuangalia simba. Ndilo pekee nililopata la kunitosha. Niliposhuka tu Kericho, vijana wa stendi wakaniona. "Mtalii! Mtalii mweusi! Simba wa Mara ni huku, bwana!" Mmoja akanivuta mkono wa kulia na mwingine mkanda wa begi, kila mmoja akitaka kunipeleka mahali ambapo sikusema naenda. Nikawatukana kimoyomoyo, kwa sababu walikuwa wengi. Jina la Mtalii likanishika kuanzia siku hiyo.

Mji wenyewe niliuchukia mara moja. Ukiusikia kwa mbali utadhani ni mahali pa amani, chai kila upande, kijani hadi macho yachoke. Wee! Ingia katikati. Mikokoteni inapishana na malori, mhubiri amefungulia spika mbele ya duka la kaseti na duka limefungulia kaseti zake kumshinda mhubiri, wanawake wa kutoka Roret wameketi na mananasi ukingoni mwa barabara kabisa, na katikati ya hayo yote mtu anachunga ng'ombe wake watatu kana kwamba ni shambani kwake. Halafu, mchana ukigeuka tu, mvua. Si mvua ya kubembeleza. Inakuja na mawe ya barafu yanayopiga mabati mpaka humsikii aliye karibu nawe, kila mtu anakimbilia baraza moja, na ikiisha mnatoka wote kwenye tope jekundu mkiwa mmekanyagana. Nilitazama mambo hayo nikasema, ndugu yangu alituacha kwa sababu ya hii?

Nilipanga chumba kwenye loji iliyokuwa nyuma ya soko, chenye godoro lililonuka watu wengine. Asubuhi nilitoka kwenda kwenye mashamba ya chai kwa miguu, jioni nikarudi. Mashamba yale hayana mwisho. Unapita geti, unakuta askari na rungu lake. "Unataka nani?" Namtajia jina. Anauliza ndani. "Hayuko." Naenda geti lingine. Na sikuzunguka kwa raha. Fujo za wakati wa kura zilikuwa zimepita, lakini zingine zilikuwa zinanukia, na mtu wa kutoka kwetu akilitaja jina la kwetu mahali asipojulikana, alikuwa anatazama kwanza ni nani anasikia. Nilijifunza kusalimu "Chamgei" kama wenyeji, na wakanijibu kwa heshima, kisha wakacheka nikigeuka. Nilicheka nao. Ningefanya nini?

Nilipokosa namna ya kulipa chumba nikapata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli ndogo karibu na stendi. Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja Mkikuyu, mnene, aliyekaa Kericho tangu usichana wake na kuitukana Kericho kila siku ya Mungu. "Ngai, hii mvua itatuoza," alisema kila alasiri, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kunyesha. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Lakini nilipomweleza kilichonileta, aliacha kukanda unga.

"Mama yako anajua uko wapi wewe?" akauliza.

"Anajua."

"Basi huyo ako na mtoto mmoja. Wewe usipotee."

Wiki zikaenda. Bila kutaka, nikaanza kuujua mji. Nilijua ni ukuta upi hauvuji mvua ikija ya kutoka Londiani, na ni upi unavuja ikija ya kutoka upande wa Sotik. Nilijua mhubiri na mwenye kaseti walikuwa ni ndugu wa tumbo moja. Nilijua asubuhi ambayo akina mama wa Soin huleta mtama, na kichochoro cha kupita ili usikutane na askari wa kaunsili. Vijana wa stendi waliacha kunivuta, wakawa wananisalimu. "Mtalii, umeamka?" Harufu ya majani yakikaushwa viwandani, iliyonichefua siku za kwanza, sikuisikia tena. Hilo ndilo lililonitisha. Nikafikiri hivi ndivyo ndugu yangu alivyosahau nyumbani, polepole, kwa kuzoea tu.

Ndipo geti moja likajibu. Askari alimuuliza nyapara aliyekuwa akipita, na nyapara, bila hata kusimama, akasema, "Huyo yuko. Jana amepima."

Nikaacha ujumbe: mwambieni mdogo wake yuko mjini, hoteli ya karibu na stendi, mama anamwita. Jumapili nikavaa shati safi nikaketi mlangoni kutwa nzima. Hakuja. Nikarudi getini. "Ametoka kidogo." Nikarudi tena siku nyingine. "Ametoka sasa hivi." Kila nikienda, ametoka. Haki ya Mungu, nilimtukana ndugu yangu matusi ambayo siwezi kuyaandika. Nilikuwa nimelala kwenye kunguni kwa ajili yake, na yeye anajificha nyuma ya vichaka vya chai kama mtoto aliyevunja chungu!

Mwenye hoteli ndiye aliyenifungua macho. "Wewe unaenda asubuhi, unagongana na askari," alisema. "Enda wakati wa kupima. Mtu wa kuuza mandazi hafukuzwi. Hakuna mchuma chai anaweza kukosa mizani, hata kama anadaiwa na shetani. Jina likiitwa, lazima aitike." Akanitwika beseni la mandazi kichwani, juu yake karatasi ya nailoni kwa sababu ya mvua, akanisukuma.

Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya shamba. Wachumaji walikuwa wamesimama foleni, aproni za plastiki zinachuruzika maji, vikapu vimejaa mgongoni. Karani aliita jina, mwenye jina akasema "Niko," akatua kikapu, akapimwa, akapita. Nilisimama kando na beseni langu. Niliangalia kila uso kwenye ile foleni. Sikumwona. Nikajiambia labda amebadilika, labda amekonda.

Karani akaliita. Jina la ndugu yangu, na la baba yetu, wazi kabisa.

"Niko!"

Akatoka mtu mrefu, mweusi, mkubwa kuliko ndugu yangu, na meno ya chini ya mbele yameng'olewa kama wazee wa Kipsigis wa zamani. Akatua kikapu. Karani akamtazama usoni, akaandika. Nyapara akamtazama usoni. Kisha mtu mmoja kwenye foleni akanitazama mimi, akatazama chini, na foleni nzima ikatazama chini. Walijua wote. Nikaliacha beseni, nikamkamata aproni.

"Hilo ni jina la ndugu yangu!"

Hakupigana. Alisema kwa sauti ndogo, "Wacha nipite hapa kwanza. Halafu nitakuambia. Tafadhali, kijana."

Sasa mtu wa nje hawezi kuelewa jambo hili, kwa hivyo nilieleze. Kwenye chai, jina likishaandikwa kazini ni kama shamba. Kulipata ni shida, kulipoteza ni siku moja. Mtu akiugua, au akifiwa, au akishikwa na mambo yake, anamtafuta mwenzake asiye na kazi amshikie jina. Mwenzake anachuma, anaitika, na chumba cha kambini hakichukuliwi. Karani anajua. Nyapara anajua. Maadamu majani ni mazuri na mstari umemalizwa, hakuna anayeuliza uso. Wengine hushikiwa wiki moja, wengine msimu. Ni kusaidiana tu, na watu wa makabila yote walisaidiana hivyo hata katika miaka ile ambayo nje ya geti walikuwa wanaogopana.

Yule mtu alinipeleka kwenye chumba cha ndugu yangu. Ndani mlikuwa na mke wa huyo mtu na watoto wao wadogo. Mke akanikaribisha mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kikombe, nikakishika bila kunywa. Yule mtu alitoka Sigor, akasema, kule chini kulikokauka, wazazi wake wamekufa. Alikutana na ndugu yangu wakati yeye hana kazi na ndugu yangu ameanza kukohoa. Ndugu yangu akakonda. Ugonjwa wenyewe hakuutaja, na miaka ile hakuna aliyeutaja. Aliogopa zahanati ya kampuni ikimwona alivyo ataachishwa kazi, basi akaomba ashikiwe jina mpaka apate nguvu. Hakuzipata. Siku ya kumpeleka hospitali ya mjini, wakajikuta na tatizo. Jina lake lilikuwa shambani, linachuma. Mtu hawezi kuwa kitandani na kwenye mizani siku moja. Kwa hivyo ndugu yangu akaandikishwa hospitalini kwa jina la yule mtu wa Sigor.

"Akafia huko," alisema. "Na jina langu."

"Na hukuenda kumchukua? Hukutuambia?" Nilikuwa napiga kelele. Mtoto mmoja akaanza kulia.

"Ningeendaje kujichukua mwenyewe?" akasema. "Wangeuliza maiti ni nani, ningesema ni mimi? Na kama ningesema ni yeye, wangeuliza, basi ni nani anachuma kule?"

Maiti ilikaa mpaka kaunsili ikaizika na wengine waliokosa wenyewe. Yeye alikwenda siku hiyo. Hakuthubutu kuingia. Alisimama barabarani akatazama kwa mbali. Kwa hivyo hata kaburi hakujua ni lipi.

Nilimwambia nitamfunga. Nilimaanisha. Nitakwenda kwa kampuni na kaunsili niseme ukweli, ndugu yangu afukuliwe, azikwe kwetu, na yeye aozee jela. Nilidhani atanipigia magoti. Hakunipigia. Alisema, "Ukienda kusema, unipe siku moja nimpeleke mama watoto Sigor kwanza." Mkewe alikuwa amegeukia ukuta. Nikatoka.

Lakini nilikwenda kumwambia mama kwanza, maana mtoto ni wake. Nilimwambia jikoni, bila kupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakoroga chungu ambacho hakikuwa na kitu cha kukorogwa, kisha akalia kilio ambacho majirani walikisikia ng'ambo ya kijito. Alipomaliza alisema, "Nipeleke."

Mama yangu hakuwahi kutoka kwetu. Alipoona stendi ya Kericho alishika mkono wangu kwa mikono yote miwili. Nikamwongoza. Nilimpitisha kichochoro kisicho na tope, nikamkinga mikokoteni, nikamsimamisha kwenye ukuta usiovuja mvua ilipokuja. Vijana wakaniita, "Mtalii, umerudi! Huyo ni mama?" Wakamsalimu kwa adabu, mmoja akambebea mkoba wake. Mama akanitazama. "Wanakujua," alisema. Nilitumwa kumtafuta mtu, nikaupata mji, na mji wenyewe nilikuwa siutaki.

Makaburini palikuwa na nyasi ndefu na vifusi vilivyobonyea, mbuzi wa mtu wanakula juu yake. Ng'ambo ya ua, chai. Mama akauliza, "Ni lipi?"

"Sijui, mama. Lakini tukisema, watatafuta. Wao wenyewe ndio walizika."

Nyumbani mahali pa kumzika palikuwepo, kando ya kaburi la baba, pamefyekwa. Mama alitembea kati ya vile vifusi akisimama kila kimoja, akiinama kidogo, kama anayesikiliza mtoto aliyelala. Aliporudi nilipokuwa alisema, "Nipeleke wanakomwita."

Nikafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi. Njiani nikamfundisha maneno. Karani akiliita jina, yeye aseme huyu si mtoto wangu, mtoto wangu amekufa. Yatosha. Mama akisema hivyo mbele ya watu, hakuna nyapara atakayeweza kufunika tena. Yule mtu atashikwa, kaunsili itachimba, na sisi tutamchukua wetu. Nilimwambia pia kuhusu mke na watoto waliomo chumbani, kwa sababu aliuliza. Mama hakuwa na Kiswahili kingi, lakini alikariri nilichomfundisha, midomo ikienda polepole.

Mvua ilikuwa imeanza tulipofika kwenye mizani. Nilimsimamisha chini ya ukingo wa mabati. Karani aliita mmoja, akaita mwingine. Kisha akaita jina la ndugu yangu. Mama alikuwa hajawahi kusikia mtu mgeni akilitaja kwa sauti, hivyo, pamoja na la mume wake. Akasogea hatua moja mbele, mkono wake bado ndani ya wangu.

Hakuna aliyeitika.

Yule mtu alikuwa amesimama mbele ya foleni, kikapu mgongoni, anamtazama mama. Hakuna aliyemwambia huyu mama ni nani. Ndugu yangu alikuwa na paji la uso la mama, kila mtu alisema hivyo, na yeye alikuwa amemuuguza muda wa kutosha kulijua. Karani akaita tena, sasa kwa hasira, watu wanalowa. Nyapara akageuka. "Hayuko huyo leo? Kama hayuko afutwe!"

Nilimbana mama mkono. Sema.

"Yuko," mama akasema.

Karani akainua kichwa. "Wewe ni nani, mama?"

"Mama yake."

Nikamwita mama kwa sauti, kwa lugha yetu, nikimuuliza anafanya nini. Hakunigeukia. Nilimkasirikia hapo, na nikamkasirikia miaka mingi baadaye, kila nilipopita mahali palipofyekwa kando ya baba. Yule mtu alikuja mbele. Kikapu kikamshinda kutua, mpaka mwenzake akamsaidia.

"Mwambie mtoto wako aache kulala kazini," karani alimwambia mama, na watu wawili watatu wakacheka, kwa kuogopa zaidi kuliko kwa furaha. Mama akaitika kwa kichwa. Alingoja pale kwenye mvua mpaka kikapu kikapimwa na jina likaandikwa, ndipo akaniambia turudi nyumbani.